Uji wa Dzaleka

Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi, Dzaleka ilikuwa gereza. Hapo wilayani Dowa nchini Malawi, kaskazini mwa Lilongwe, serikali ya Kamuzu Banda iliwafungia wapinzani wake. Mwaka 1994, mwaka ambao Banda alishindwa uchaguzi, palifunguliwa kwa waliokimbia vita vya Rwanda, Burundi na Kongo. Palipangiwa watu wapatao 10,000. Leo wamezidi 50,000.

Akina mama wa Kivu, mashariki mwa Kongo, waliozoea mihogo na sombe (majani yake), walikuta nchi ya mahindi. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili. Januari hadi Machi ghala huwa tupu na mahindi mapya hayajakomaa. Miezi hiyo humwelemea mjamzito na mtoto anayeanza kula.

Jibu moja la shida hiyo lilikwisha kupatikana Likuni, pembeni ya Lilongwe, penye hospitali ya misheni: likuni phala, unga wa uji wenye sehemu nne za mahindi na moja ya soya. Soya hukaangwa kwanza ili ipoteze uchungu, kisha husagwa. Wanyarwanda wana sosoma, inayotiwa mtama pia.

Lakini uji unataka shamba au pesa. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakifanya biashara Lilongwe na kwingineko warudi kambini, huku msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ukipungua kwa uhaba wa fedha. Asiye na kipande cha ardhi cha kukodi hununua unga sokoni, kwa bei ambayo hupanda kabla ya mavuno.