Njiwa wa Mbio: Vile Utamtoa Soweto West Hadi Naivasha na Arudi Keja

Kama una njiwa juu ya mabati hapo Soweto West na mbogi ya Kawangware imekuchokoza mbio, skiza hii kwanza. Njiwa wengi huharibikia ndani ya karton, kwa buti ya mathree, kabla hata wafunguliwe.

Njiwa anajua kitu moja tu: kurudi home. Anatumia jua, sumaku ya dunia na hata harufu ya upepo, na wanasayansi bado wanabishana ni gani inafanya kazi zaidi. So usimtoe kwa kibanda leo umpeleke Naivasha kesho. Anza na kilomita mbili tatu, halafu songa kwa laini moja: Kangemi, Kikuyu, Limuru. Akirudi vizuri mara kadhaa, ongeza. Akichelewa, rudi nyuma.

Wiki ya mbio chagua wenye wako fiti pekee. Fungua bawa, cheki zile manyoya kumi za nje. Kama anabadilisha manyoya ama ana kamasi, mwache nyumbani. Mpe mahindi, mtama na ndengu. Lakini masaa machache kabla ya safari punguza chakula, ule mfuko wa shingoni usiwe umejaa. Maji asinyimwe. Kuna trick ya wazee pia: dume anatenganishwa na madam wake siku kadhaa, anaonyeshwa kidogo kabla ya kuondoka. Huyo atarudi mbio, manze.

Sasa safari. Tenga ndio poa, kwa sababu hewa inapita kila upande. Kama ni karton, toboa pande zote, na si mashimo mawili ya aibu. Kila njiwa aweze kusimama na kugeuka. Weka maranda chini. Madume wenye hawajuani usiwachanganye, watapigana hadi Naivasha. Na usiku mmoja kabla, walaze ndani ya hiyo tenga hapo home wazoee kunywa maji wakiwa ndani. Wasee wengi huruka hii step, halafu wanashangaa ndege amefika na kiu na uoga.

Usikubali makanga aiweke chini ya mizigo. Mimi nishafungua buti nikapata wawili wamelala kabisa, juu ya joto na gunia la viazi. Lipa kiti ya ziada, tenga ikae na wewe. Hiyo doo ni kidogo kuliko njiwa.

Ukifika, usiwafungue hapo hapo. Wape maji, wakae kama nusu saa ama saa moja wakiona anga. Limuru iko juu na baridi, na Juni na Julai ukungu hapo ni noma, so pigia msee wa huko simu uulize hali kabla ya kufungua. Kama jua halionekani ama mvua inakuja, ngoja. Wafungue asubuhi, wote mara moja. Njiwa hapendi kuruka usiku, na akiwa peke yake mwewe ama kipanga anamwona rahisi.

Mshindi mnampata aje? Hapa ndio fitina huanza. Naivasha hadi Kawangware kwa laini ya ndege ni karibu kilomita 72, hadi Soweto West karibu 76. Kwa hivyo mnagawa umbali kwa dakika. Wa Kawangware akifika kwa dakika 60, amefanya mita 1,200 kwa dakika. Wako akifika dakika 63, amefanya 1,206. Amechelewa dakika tatu na bado ameshinda! Pima kila kibanda kwa ramani ya simu kabla ya mbio, wote wakiona, la sivyo mtapigana.

Saa inasimama ndege akiingia ndani. Kukaa juu ya mabati akijisafisha haihesabiwi, so mzoeze sauti ya mkebe wa mtama. Ukimwona angani, tikisa mkebe, na waambie watoto wa ploti wanyamaze. Akiingia, mpe maji yenye glukosi kidogo, na umrudishie madam wake.