Uchovu wa Mgonjwa Mwenye Uvimbe kwenye Ubongo: Ni Ugonjwa, Si Uvivu

Uchovu ni miongoni mwa dalili zinazowasumbua mno watu wazima wanaoishi na uvimbe kwenye ubongo, lakini hauonekani kwa macho. Kidonda cha upasuaji hupona na nywele huota tena, ilhali mgonjwa huweza kulala usiku kucha na kuamka bila nguvu. Ndugu wasipofahamu hali hiyo humwita mvivu, naye huanza kujiona mzigo kwa jamaa yake.

Chanzo chake

Uvimbe wenyewe huuchosha ubongo. Tiba ya mionzi huongeza uchovu, nao huweza kudumu majuma mengi hata baada ya tiba kwisha. Dawa za kifafa huleta usingizi. Dawa za kupunguza uvimbe wa ubongo, kama vile deksamethasoni, huweza kuvuruga usingizi wa usiku na kulegeza misuli ya mapaja. Upungufu wa damu, malaria na sonona navyo huchangia, na vyote vitatu hutibika. Kwa hiyo mgonjwa amweleze daktari habari za uchovu wake, wala asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe. Kukatisha deksamethasoni ghafla ni hatari.

Kugawa nguvu

Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji hawakutembea mchana kutwa. Walianza safari alfajiri, wakapiga kambi kabla jua halijawa kali. Kupumzika kulikuwa sehemu ya safari.

Mgonjwa naye afanye vivyo hivyo. Achague kazi moja au mbili zilizo muhimu, azifanye saa ambazo ana nguvu, na apumzike kabla ya kuchoka kabisa. Usingizi wa mchana uwe mfupi ili usiharibu ule wa usiku. Matembezi mafupi kila siku, kwa kadiri ya uwezo wake, husaidia kuliko kulala kutwa. Siku anayojisikia vizuri asijaribu kumaliza kazi za juma zima. Mwenye kupatwa na degedege asiendeshe baiskeli wala pikipiki, na asiachwe peke yake penye moto au kisima.

Safari ya kwenda kliniki, iwe Bugando jijini Mwanza au Ocean Road jijini Dar es Salaam, nayo hula nguvu. Ni vema asindikizwe, na apewe siku ya kupumzika arudipo.

Mama Kanisa hamtwishi mgonjwa mzigo

Waamini wengine huhuzunika kwa kukosa Misa ya Dominika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yafundisha kwamba ugonjwa ni sababu ya haki ya kutohudhuria. Sheria ya kufunga wakati wa Kwaresima haimlazimishi mgonjwa. Zaidi ya hayo, wagonjwa na wanaowauguza waweza kupokea Ekaristi Takatifu hata kama wamekula ndani ya saa moja iliyotangulia. Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wanaokata roho pekee. Mgonjwa aweza kuupokea tena hali yake ikizidi kuwa mbaya. Basi, familia imjulishe Paroko mapema.

Jumuiya Ndogo Ndogo zimtembelee kwa muda mfupi, watu wachache na kwa sauti ya chini, kwa kuwa kelele huuchosha ubongo. Kumchotea maji, kumpikia au kumlimia shamba ni tendo la huruma sawa na kumwombea.

Dalili za kuwahi hospitali

Mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia akipatwa na usingizi mzito usio wa kawaida, maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Hayo si uchovu wa kawaida, wala si ya kungojea kuona kama yatapungua.