Funksheni saidizi za majaribio ya Git

Funksheni saidizi za majaribio ya Git ni amri zinazotumiwa na skripti za sheli zinazoipima Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Nyingi zimo katika faili la test-lib-functions.sh. Kusafisha skripti kuukuu mara nyingi ni kuondoa `test -f` na kuweka `test_path_is_file`: ya kwanza ikishindwa hunyamaza kimya, ya pili hutaja faili lililokosekana. Yenye hila zaidi ni `test_must_fail`, inayotumika pale amri inapotarajiwa kushindwa. Alama ya mshangao (`!`) mbele ya amri huhesabu kushindwa kokote kuwa sawa, hata programu ikianguka ghafla kwa kosa la kumbukumbu; funksheni hii hukataa anguko la namna hiyo. Kwa amri isiyo ya Git, kama `grep` ya kutafuta maandishi, alama ya mshangao yatosha, maana hapo kinachopimwa si `grep`.