Bei ya Dukani na Bei ya Barabarani

Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, madaraja hayakupangwa kwa ukubwa wa injini. Yalipangwa kwa bei ya gari dukani. Ulikuwa uamuzi wa kibiashara, nao ulikuwa wa busara: mnunuzi wa Afrika Mashariki alitaka kujua shilingi zake zingefika wapi kwenye vumbi na matope. Kwa kipimo hicho, saluni ya ukubwa wa kati ndiyo iliyong'ara. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Mwaka 1963 na 1968 magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu kila mwaka. Kuna magari yaliyokuwa na kasi zaidi, lakini kasi ya gari lililokwama huko Mbulu, Tanzania, haina mnunuzi.

Atakayepinga atasema timu zilikuwa na mafundi na vipuri njiani, anasa ambayo mwenye gari wa kawaida hana. Ni kweli, na ushindi mmoja usingethibitisha mengi. Ila fundi hubadilisha springi. Hawezi kuunda upya bodi dhaifu usiku mmoja. Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, ni wa wafanyabiashara wa teksi za masafa nchini Kenya, waliopakia abiria kwenye Peugeot za familia, 404 na baadaye 504. Hao hawakununua vikombe. Walilipa gereji kutoka nauli za jana.