Fremu ya begi ilianza kwa wabebaji

Wengi wetu tuliokimbia kwa miguu tunajua begi la shule linavyofanya kufika siku ya pili: kamba zinakula mabega. Hizi begi zenye fremu, za watu wa kupanda milima, zilitoka wapi?

Ni za zamani sana. Mwaka 1991, kwenye barafu ya milima ya Alps, ilipatikana maiti ya mwanamume aliyekufa miaka kama 5,300 iliyopita. Karibu naye kulikuwa na fimbo iliyokunjwa na vibao; wataalamu wengi wanaona ni fremu ya kubebea mzigo.

Baadaye sana Mmarekani Lloyd Nelson alienda Alaska, akabebea begi la wenyeji, ngozi ya sili juu ya vijiti. Akatengeneza lake la mbao na turubai, akapewa hataza mwaka 1924. Begi likaitwa Trapper Nelson. Wale wenyeji je? Hawatajwi sana, na sisi hiyo inatuuma.

Mwaka 1952 Dick Kelty, huko California, akaanza kuuza begi la fremu ya alumini, nyepesi. Mkanda wa kiunoni nao ukaondoa uzito mabegani, ukauweka kwenye nyonga. Mwaka 1967 Greg Lowe akaificha fremu ndani ya begi.

Kwa hiyo ukikuta moja kwenye mitumba, usihesabu mifuko. Weka mzigo ndani, funga mkanda juu ya mifupa ya nyonga, kisha legeza kamba za juu. Likiendelea kuvuta mabega, fremu ni fupi kwako au imevunjika. Mrudishie muuzaji.