Kompyuta ya pili inapogoma kuingia kwenye mtandao wa nyumbani

KOMPYUTA ya kwanza kuunganishwa na mtandao usiotumia waya nyumbani kwa kawaida haisumbui. Matatizo huanza inapoletwa ya pili au ya tatu, na hapo wengi hukimbilia kubonyeza kwa sindano kile kitufe kidogo kilicho nyuma ya ruta. Hatua hiyo huirudisha ruta katika hali iliyotoka nayo kiwandani: hufuta jina la mtandao, neno la siri na, kwa baadhi ya huduma, taarifa za akaunti zilizowekwa na fundi. Nyumba iliyokuwa na kompyuta moja isiyopata intaneti hubaki bila hata moja.

Ni vyema kwanza kujua kasoro iko wapi. Kwa anayetumia Windows, aandike cmd kwenye sehemu ya kutafutia, abonyeze Enter, kisha aandike ipconfig na kutazama anwani iliyo mbele ya IPv4.

Ikianza na 192.168, kwa kawaida ruta imeipokea kompyuta. Kama ile ya kwanza nayo haipati intaneti, tatizo ni la laini, au kifurushi kimekwisha, jambo linalotokea mara nyingi kuliko wenye nyumba wanavyokubali. Kama inapata, kagua tarehe na saa za kompyuta mpya; zikiwa nyuma kwa miaka, tovuti nyingi hukataa kufunguka.

Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kuomba na kutojibiwa. Huenda ruta imefikia ukomo wa vifaa, na simu na televisheni nazo huhesabiwa. Baadhi ya ruta ndogo za mfukoni hupokea vifaa 10 tu. Zima Wi-Fi kwenye simu mbili tatu, uwashe ruta upya, ujaribu tena.

Jina la mtandao lisipoonekana kabisa, yawezekana ruta inarusha mawimbi ya gigahezi 5 ilhali kompyuta kuukuu inapokea ya 2.4 pekee.

Neno la siri likikataliwa ingawa ni sahihi, tazama aina ya ulinzi. WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, haieleweki kwa kompyuta nyingi za zamani. Chagua mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Asishawishike mtu kurudi kwenye WEP ili kompyuta yake ipite. Watafiti walionyesha jinsi ya kuivunja tangu mwaka 2001, na leo jirani mwenye programu ya bure huifungua kwa dakika chache. Kompyuta ya namna hiyo ni heri iunganishwe na ruta kwa waya.