Maji ya moto kwa jua: hita inavyofanya kazi, gharama yake na maana ya ruzuku

Mwezi wa Juni na Julai, maji ya bomba kule Njombe, Makete na Mufindi hayagusiki asubuhi. Nyumba inayotumia kuni lazima mtu aamke mapema awashe moto ili watoto waoge kabla ya shule. Nyumba yenye umeme hutumbukiza hita kwenye ndoo, na uniti za LUKU zinaisha kabla ya wakati.

Tunapozungumzia nishati ya jua hewani, maswali mawili hurudi kila mara. La kwanza: je, sola niliyofunga kwa ajili ya taa inaweza kupasha maji ya kuoga? La pili: nasikia nchi nyingine serikali inamrudishia mtu sehemu ya fedha akifunga hita ya jua, sisi je? Katika makala haya tunayajibu yote mawili, na tunakuonyesha namna ya kupiga hesabu yako mwenyewe kabla hujatoa shilingi mfukoni.

Sola ya taa na sola ya maji ni vitu viwili

Paneli ya taa hugeuza mwanga kuwa umeme. Hita ya maji ya jua haitengenezi umeme wowote. Inachukua joto la jua na kulipeleka kwenye maji moja kwa moja.

Tofauti hiyo ni kubwa. Chukua familia ya watu watano, kila mmoja anaoga lita 15 za maji ya uvuguvugu. Jumla ni lita 75. Kuyatoa kwenye baridi ya nyuzi 15 hadi nyuzi 40 kunahitaji nishati sawa na uniti 2 za umeme na zaidi kidogo. Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri kutwa nzima inatoa kama nusu uniti. Kwa hiyo ukiunganisha hita ya umeme kwenye betri ya sola ya taa, utakosa maji ya moto na utakosa taa pia.

Inavyofanya kazi

Hita ya jua ina sehemu mbili: kipokea joto kinacholala juani, na tangi lililofunikwa vizuri ili lisipoteze joto. Kwa kawaida tangi hukaa juu ya kipokea joto, na kuna sababu. Maji yakipata joto huwa mepesi na kupanda. Yanaingia kwenye tangi, na yale ya baridi yanashuka chini kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo unaendelea wenyewe mchana kutwa, bila pampu wala umeme. Jioni tangi limejaa maji ya moto, na kwa kuwa limefunikwa vizuri, mengi yanabaki na joto hadi asubuhi.

Kuna aina mbili utakazokutana nazo dukani.

Ya kwanza ni ya bapa. Ni sanduku lenye kioo juu, na ndani yake mna mabomba membamba, mara nyingi ya shaba, yaliyoshikana na bati jeusi. Ni imara na huvumilia mikikimikiki.

Ya pili ni ya mirija ya kioo. Kila mrija una kuta mbili, na hewa ya katikati imeondolewa, kama ilivyo kwenye chupa ya chai. Joto likiingia halitoki kirahisi, kwa hiyo aina hii hufanya vizuri hata kukiwa na ubaridi. Udhaifu wake ni kioo: tawi likianguka au mtoto akirusha jiwe, mrija unapasuka. Tena usiingize maji ya baridi kwenye mirija iliyokaa mitupu juani mchana, maana kioo kitapasuka. Jaza asubuhi na mapema au jioni.

Je, nyumba yako iko tayari?

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha, kwa sababu hununua kwanza na kuuliza baadaye. Angalia mambo manne.

*Maji yanatoka wapi?* Hita ya kawaida inalishwa na simtanki, na simtanki lazima liwe juu kuliko tangi la hita. Kama simtanki lako liko chini uani na hita iko juu ya bati, maji hayatapanda. Kama unachota maji kwa ndoo kisimani, anza na tangi la maji na mnara wake. Hita itafuata.

*Paa linabeba?* Lita moja ya maji ni kilo moja. Hita ya lita 200 ikijaa ina zaidi ya kilo 200, bado hujahesabu chuma chake. Fundi akague kenchi kwanza. Paa likiwa dhaifu, hita inaweza kukaa kwenye stendi ya chuma pembeni mwa nyumba.

*Jua linafika?* Huku kwetu kusini mwa Ikweta, kipokea joto kinaelekezwa kaskazini na kulazwa kwa mteremko, kisilale bapa kabisa. Mteremko unasaidia maji kupanda na mvua kuosha vumbi. Kivuli cha mwembe au mkaratusi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri kinatosha kuiharibu kazi yote.

*Kuna jalidi?* Wakazi wa Makete na maeneo ya Kitulo wanaijua jalidi inayounguza viazi. Maji yakiganda ndani ya mabomba ya hita ya bapa hutanuka na kupasua bomba. Sehemu kama hizo chagua mirija ya kioo, au ile ya bapa inayozungusha kimiminika kisichoganda badala ya maji yenyewe.

Inaokoa kiasi gani?

Tupige hesabu ya mfano. Weka namba zako mahali pa zetu.

Tuseme familia hutumia uniti 3 za umeme kwa siku kupasha maji ya kuoga na kuoshea vyombo, na kila uniti inanunuliwa kwa shilingi 350. Hiyo ni shilingi 1,050 kwa siku, au 31,500 kwa mwezi. Jua haliwaki sawa kila siku. Wakati wa mawingu na mvua bado utahitaji moto au umeme. Tukikadiria kwamba jua litabeba theluthi mbili ya kazi, akiba ni shilingi 21,000 kwa mwezi.

Sasa tuseme hita pamoja na ufundi ni shilingi 1,500,000. Gawanya kwa 21,000. Itachukua miezi 71 kurudisha fedha yako, yaani karibu miaka sita. Hita nzuri iliyotunzwa huishi zaidi ya hapo. Hita mbovu inaweza kufa kabla ya kujilipa.

Anayenunua kuni au mkaa apige hesabu hiyohiyo kwa bei anayolipa. Kwenye mafiga matatu, maji ya kuoga ya ile familia ya watu watano hula kama kilo nne za kuni kavu kila siku, kwa sababu sehemu kubwa ya joto inapotea pembeni. Kwa anayekata kuni shambani kwake bila kulipa, hita haitarudisha fedha taslimu. Faida yake itakuwa muda, moshi na miti. Hizo ni faida za kweli, lakini hazilipi rejesho la mkopo, na ni vizuri ulijue hilo mapema.

Mwenye nyumba ya wageni, zahanati au bweni la shule hujilipa haraka zaidi, kwa kuwa anatumia maji ya moto mengi kila siku ya mwaka.

Ruzuku ni nini hasa?

Ugumu wa hita ya jua ni kwamba unalipa miaka mingi ya maji ya moto kwa siku moja. Ruzuku ipo kupunguza mlima huo. Nchi mbalimbali zimeupunguza kwa njia tofauti.

*Kurudishiwa fedha baada ya kufunga.* Afrika Kusini ilifanya hivi kuanzia 2008, mwaka ambao mgao wa umeme ulikuwa mkali, kupitia shirika lake la umeme, Eskom. Mwenye nyumba alinunua hita iliyopimwa na shirika la viwango la nchi hiyo, akafungiwa na fundi anayetambulika, kisha akawasilisha madai na kurudishiwa sehemu ya bei. Kiasi kilitegemea umeme ambao hita hiyo ingeokoa. Serikali pia iliweka hita ndogo kwenye nyumba za watu wa kipato cha chini. Lengo la hita milioni moja halikufikiwa kwa wakati, na nyingi kati ya zile ndogo zilivuja au kupasuka kwa baridi bila fundi wa kuzitengeneza. Somo lake ni kwamba hita ya ruzuku isiyo na fundi wa karibu hugeuka mzigo juu ya bati.

*Ruzuku pamoja na mkopo.* Tunisia ilianzisha mpango wa PROSOL mwaka 2005. Serikali ililipa asilimia 20 ya bei, kwa kiwango cha juu kilichowekwa. Sehemu kubwa iliyobaki ikawa mkopo wa benki wa miaka mitano, uliolipwa kidogo kidogo kupitia bili ya umeme. Benki haikuogopa kukopesha, kwa sababu shirika la umeme ndilo lililokusanya marejesho, na familia haikuhitaji kutafuta fedha nyingi siku ya kwanza.

*Nafuu ya kodi.* Barbados, kisiwa kilichoko Karibiani, tangu 1974 kiliondoa ushuru kwenye malighafi za kutengenezea hita za jua na kuongeza kodi kwenye hita za umeme. Leo hita za jua ni kitu cha kawaida juu ya nyumba za huko.

*Amri ya sheria.* Jirani zetu Kenya walitangaza kanuni mwaka 2012 zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge hita za jua. Hapo hakuna aliyekurudishia kitu. Sheria ilikuagiza ufunge.

Na Tanzania?

Ruzuku ya nishati tunaijua. Wengi mmeona mitungi ya gesi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ikiuzwa nusu bei kwa mwenye kitambulisho cha NIDA. Hivyo ndivyo ruzuku halali inavyoonekana: inatangazwa hadharani, ina ofisi, ina masharti yanayojulikana na ina orodha ya wanufaika.

Kwa hita za maji, nafuu ya kutazama kwanza ni ya kodi. Sheria ya VAT ya mwaka 2014 ilisamehe baadhi ya vifaa vya sola, na orodha ya misamaha hupitiwa kwenye Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Kwa hiyo mwulize muuzaji: bei hii ina VAT au haina? Kisha dai risiti ya EFD na usome mstari wa kodi mwenyewe.

Mtu akikupigia simu kwamba jina lako limepita kwenye ruzuku ya hita, utume kwanza "ada ya fomu" kwa simu, usitume. Nenda ofisi ya kijiji, halmashauri au REA ukaulize.

Turudi kwenye mfano wetu tuone ruzuku inabadilisha nini. Punguzo la asilimia 20 kwenye shilingi 1,500,000 linaacha 1,200,000, na miezi 71 inashuka hadi 57. Umepunguza zaidi ya mwaka mzima. Hata hivyo, punguzo hilo halitasaidia kitu kama simtanki liko chini ya hita au mirija imepasuka mwezi wa tatu.

Kwa anayekopa SACCOS au VICOBA, kumbuka Tunisia. Gawanya mkopo pamoja na riba kwa miezi ya kulipa, kisha linganisha rejesho la mwezi na akiba ya mwezi. Rejesho likiwa 60,000 na akiba 21,000, ile 39,000 itatoka kwenye mahindi au ada ya mtoto. Amua ukijua hivyo.

Kabla hujalipa, uliza haya

1. Hita ina alama ya ubora ya TBS?
2. Dhamana ya tangi na ya mirija ni miaka mingapi, na imeandikwa?
3. Mrija ukipasuka, kipuri kinapatikana wilaya gani?
4. Fundi atafunga valvu ya kupunguza presha na koki ya kuchanganya maji ya baridi? Maji ya hita ya mirija yanaweza kumbabua mtoto.
5. Ndani ya tangi kuna fimbo ya magnesi inayozuia kutu? Hubadilishwa lini na nani?
6. Ni nani wa jirani aliyefungiwa hita kama hii na muuzaji huyu? Nenda ukaguse maji yake saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda.

Kama fedha bado

Ndoo nyeusi yenye mfuniko, lita 20, ikiwekwa juani juu ya bati tangu asubuhi, jioni inatoa maji ya uvuguvugu. Ukiiweka ndani ya sanduku la mbao lenye kioo au nailoni ngumu juu, joto linaongezeka. Maji hayo ni ya kuoga na kufulia. Ya kunywa bado yachemshwe. Hayatakusubiri mpaka asubuhi kama ya kwenye tangi, lakini watoto wakioga jioni, kuni za alfajiri zinabaki kwa ajili ya uji.